Baridi ya Mwenzio

Mama mkubwa tulimzika Januari mwaka juzi, saa tisa alasiri, jua likiwa kali kiasi kwamba vijana waliochimba kaburi walipokezana kila baada ya dakika chache. Mvua zilikuwa zimekata. Hapa kwetu Mwanhuzi Januari mara nyingi huwa hivyo: mvua zinaanza vizuri mwishoni mwa mwaka, watu wanapanda, halafu mbingu inajifunga na kila mtu anabaki kutazama juu kama mtu aliyeahidiwa fedha akazungushwa. Ndugu msomaji, nakutajia jua hilo mapema kwa sababu nataka kuzungumza juu ya baridi, na ni vizuri ujue nilikuwa nimesimama wapi nilipoanza kuifikiria.

Mtoto wake wa kwanza hakuwepo. Kaka huyo (kwetu mtoto wa mama mkubwa ni kaka, hayo ya binamu ni ya vitabuni) anaishi Ufaransa, katika mji mdogo wa milimani usio mbali na Briançon, upande wa mpaka na Italia. Alifikaje huko ni hadithi ndefu, na ni yake. Mimi najua tu kwamba anafanya kazi hotelini, na kwamba hoteli hiyo inaishi kwa theluji kama sisi tunavyoishi kwa pamba. Kuanzia Desemba mpaka Aprili matajiri wanapanda kutoka mijini kuja kuteleza juu ya mbao mbili, na theluji ikichelewa wenye hoteli wanatazama juu vilevile kama sisi.

Maisha yake ya kipupwe nayajua kwa sauti anazonitumia kwenye simu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro. Kabla ya kugusa sufuria yoyote anachukua koleo na kuondoa theluji iliyoanguka usiku mbele ya mlango wa wageni, halafu anamwaga chumvi kwenye ngazi ili watu wasiteleze. Chumvi, jamani! Nilipomwambia mama yangu alishika kiuno. Jua linachungulia nyuma ya mlima karibu saa tano na saa tisa limeshaondoka. Kaka anasema jua la kule ni kama taa ya ndani ya friji: linawaka lakini halipashi. Anasema ukivuta pumzi kwa nguvu puani vinyweleo vinagandana. Anasema kitu kinachomchosha zaidi si baridi yenyewe bali ukimya, kwa sababu theluji inameza sauti. Gari linapita dirishani kama paka. Nyumba zimefungwa mbao za madirisha na wiki nzima inaweza kupita salamu yake ikiwa ni neno moja tu la dukani. Kuna bibi mmoja jirani, mjane, ambaye majira ya baridi ya kwanza alimgongea mlango akiwa ameshika soksi za sufu, akamwonyesha kwa mikono namna ya kuvaa jozi mbili, ya pamba ndani na ya sufu nje. Hawakuelewana hata neno. Mpaka leo kaka anamwita mayu, na bibi yule anaitika bila kujua kwamba ameitwa mama kwa Kisukuma.

Sasa turudi msibani.

Taarifa ilipomfikia, alinitumia ujumbe wa maandishi, si sauti. Nadhani sauti ilikuwa haitoki. Aliandika kwamba kibali chake cha kuishi kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, kwamba akitoka nchini wakati ule hataruhusiwa kurudi, na kwamba mwajiri amemwambia anayeondoka katikati ya msimu asihangaike kurudi. Akaandika: waambie wazee hivyo hivyo. Na akatuma fedha za sanduku na za chakula, nyingi kuliko tulivyotarajia.

Kikao cha ukoo kilikaa chini ya mwarobaini. Hoja ilikuwa moja: tunamsubiri mtoto mkubwa au hatumsubiri? Mwili ulikuwa chumba cha maiti, ungeweza kukaa siku kadhaa. Nikaitwa nisome kilichoandikwa. Na hapo, mbele ya wazee wale waliovua kofia, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kujiita mwandishi wa riwaya, nilitazama maneno yale ya vibali na mwajiri na misimu nikayaona machafu. Niliona watakavyoyasikia: amechagua kazi, amemwacha mama. Basi nikafanya kile ninachofanya kila usiku kwenye daftari langu. Nikabuni. Nilisema theluji imeanguka imefika madirishani, barabara ya kushuka mlimani imefungwa, hakuna gari linalopita, na haijulikani itafunguliwa lini. Nilikuwa na picha ya video aliyoituma wiki mbili kabla, nikaizungusha wakaiona. Ilikuwa video ya kweli kabisa. Uongo ulikuwa ni kuitumia siku ile.

Nilidhani nimemwokoa. Theluji ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina lawama.

Baba mdogo wake akaitazama ile video, akairudisha simu, akasema: "Mvua nyeupe ndiyo imemzuia?" Mwingine akasema hata Makete kuna baridi, umande unaganda mpaka majani ya viazi yanaungua, na watu wa Makete wanazika mama zao. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani cha kufunika mdomo. Ikaamuliwa tusisubiri. Mdogo wake ndiye aliyetangulia kutupa udongo. Na tangu siku hiyo, mtaani kwetu, kaka ambaye hajaonekana kwa miaka saba akapewa jina jipya: Umande. Mtoto aliyezuiwa na umande.

Hilo jina ndilo lililonifanya niandike. Kwa muda mrefu nililichukulia kama kosa la wazee. Nilijiuliza, tena kwa hasira: hivi binadamu hana wajibu wa kuamini taabu asiyoihisi mwenyewe? Mwenzio akikwambia kuna kitu kimemshinda, nawe kitu hicho hujawahi kukigusa, je, una haki ya kukipima kwa umande wa Makete?

Hebu tulitazame kwanza kwa upande mwingine, maana jambo hili lilishawahi kutokea kinyume chake, na tumelisoma sote shuleni bila kuligundua. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Alimuuliza aliyemwongoza njia weupe ule ni nini. Yule mtu, kwa maelezo ya Rebmann mwenyewe, aliuita tu baridi. Rebmann aliandika kwamba ni theluji, habari zikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata, na mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, akakataa. Theluji karibu na mstari wa Ikweta? Haiwezekani. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini alikuwa na vitabu vingi na hoja nzuri. Hata baada ya Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na kukutana na theluji, yule bwana aliendelea kubisha.

Mwalimu wetu wa historia alilifundisha jambo hili kama kichekesho cha Wazungu. Tulicheka, tukaandika tarehe. Mimi leo sichekeshwi sana. Cooley na baba mdogo ni mtu mmoja. Mmoja amekaa kwenye maktaba, mwingine chini ya mwarobaini, na wote wawili wanasema: kwa ninavyoijua dunia, hilo halipo. Ninayemkumbuka zaidi ni yule mwongoza njia ambaye jina lake sijakutana nalo katika kitabu chochote nilichosoma. Hakulazimika kubishana. Kwake weupe ule haukuwa hoja, ulikuwa ni kile unachoufanyia mwili. Baridi. Basi.

Na tazama lugha yetu ilivyo. Theluji tumeichukua kwa Waarabu, barafu ikatufikia kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Maneno yalivuka bahari, wengi wetu tukayashika mdomoni bila kuvishika vitu vyenyewe. Mtoto wa Mwanhuzi anaandika theluji kwenye mtihani na kupata alama, akiwa hajawahi kuona hata mvua ya mawe inayodumu robo saa. Hakuna ubaya. Lakini kuwa na neno kunatudanganya. Tunadhani kwa kuwa tunalo jina tunacho na kitu. Wazee wetu walikuwa na neno "baridi", wakafikiri limetosha.

Tatizo linaanza kwa anayetaka kueleza. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliondoka Zanzibar mwaka 1866 kwa meli ya kivita ya Waingereza, akaolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa na kuitwa Emily, na kupelekwa Hamburg. Mwaka 1870 mume akaanguka kwenye tramu ya farasi akafa. Alikuwa na watoto watatu wadogo, mali zake za Zanzibar amenyimwa, na lugha ya nchi bado inamkwaza. Alihama Hamburg akaenda Dresden, kisha Rudolstadt, mji mdogo kando ya mto Saale, katikati ya vilima vya Thüringen. Mtu aliyekulia Mtoni na Bet il Sahel, katika nyumba ambazo bahari inaingia mpaka chumbani kwa sauti yake, anahesabu kuni katika mji wa vilima vyenye theluji. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, na hizo zinajulikana. Lakini kuna maandishi mengine: barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Zanzibar, zikieleza maisha ya Ujerumani, nyumba, watu, majira, upweke. Barua hizo hazikutumwa. Zilibaki kwenye karatasi zake mpaka alipokufa mwaka 1924, na kwa Kiingereza zilichapishwa mwaka 1993.

Nimezifikiria sana barua hizo zisizotumwa. Watu wana maelezo mengi kwa nini hakuzituma, na wengine husema rafiki mwenyewe ni wa kubuni. Mimi ninachokiona ni mtu ambaye anajua kabisa msomaji wake hataweza kuamini, na bado anamwandikia. Angemwambia nini yule rafiki? Kwamba kuna miezi ambayo mti haufi lakini haushi? Kwamba watu hufunga mlango mchana kweupe, na si kwa chuki? Pale Zanzibar walikwisha mwamulia. Alitoroka, aliacha dini, mwaka 1885 akarudi na meli za Wajerumani bandarini wakati Wajerumani wanamtisha kaka yake, Sultani Barghash. Mambo hayo yalikuwa mazito, na simtetei katika yote. Lakini aliyehukumiwa kwa makubwa hapewi nafasi ya kueleza madogo, na baridi ni katika madogo. Inasemekana katika vitu vyake alikutwa na kimfuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, wakauzika pamoja naye. Mchanga hauhitaji kuaminiwa na mtu.

Je, basi kuamini taabu ya mwenzio kunawezekana tu kwa aliyeonja? Kuna ushahidi wa kukubali hivyo, na unatoka huko huko aliko kaka. Briançon ni mji wa mita 1,326 juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna njia ya Montgenèvre, kama mita 1,850, na tangu miaka ya karibuni wakimbizi na wahamiaji, Waafrika wengi wakiwemo, wamekuwa wakivuka hapo kwa miguu usiku kutoka Italia, wengine na raba za kawaida na fulana mbili. Serikali iliweka polisi. Baadhi ya wenyeji wao walipanda na taa, chai na mablanketi kuwatafuta, na mwaka 2017 nyumba ya kuwapokea ikafunguliwa mjini. Baadhi yao walishtakiwa. Mkulima wa mizeituni Cédric Herrou, wa bonde jingine la mpakani, naye alishtakiwa kwa kuwasaidia wahamiaji, na shauri lake likafika Baraza la Katiba la Ufaransa, ambalo tarehe 6 Julai 2018 lilisema neno udugu lililomo katika kauli mbiu ya nchi lina nguvu ya kisheria: mtu ana uhuru wa kumsaidia mwingine kwa ubinadamu. Watu saba wa kesi ya Briançon walihukumiwa Desemba mwaka huohuo, wakaachiwa huru na mahakama ya rufaa ya Grenoble mwaka 2021.

Kaka anasema wale wanaopanda na taa si lazima wawe watu wa siasa, na si wote wanaowapenda wageni. Lakini mtu wa mlimani anajua usiku wa nyuzi kumi chini ya sifuri unavyofanya vidole. Hahitaji kushawishiwa. Ni kama mvuvi na anayezama. Mjane wa soksi hakumuuliza kaka karatasi zake, alimtazama miguu.

Na wengine wenu mnaopenda michezo mtakumbuka Nagano, Japani, Februari 1998. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kwa fedha za kampuni ya Nike kujifunza kuteleza kwenye theluji, alishiriki mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27. Boit dakika 47. Dæhlie alikaa kwenye mstari wa mwisho, sherehe ya medali ikasubiri, mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Wapo waliosema yote yalikuwa tangazo la viatu, na siwezi kuwapinga kwa kila kitu. Lakini zile dakika ishirini za kusubiri hazikununuliwa na mtu. Dæhlie alijua theluji ile inavyonata siku ya mvua. Kwa hiyo katika uwanja mzima ndiye pekee aliyeweza kumwona wa mwisho vile alivyokuwa hasa.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema: aliyeonja huamini, asiyeonja hubisha, na kazi ya mwandishi ni kumwonjesha asiyeonja. Ni hitimisho tamu sana kwetu sisi tunaotaka kuwa waandishi. Nilikuwa nimeshaliandika hivyo. Kisha nikakumbuka jambo dogo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mwanzo wa makala: baba mdogo alikataa kuamini uongo.

Ndiyo. Barabara haikuwa imefungwa. Mzee aliambiwa jambo lisilo la kweli, akasema si kweli. Sababu zake zilikuwa mbovu, lakini jibu lake lilikuwa sahihi. Cooley alikuwa na hoja nzuri akakosea; mzee alikuwa na hoja ya viazi vya Makete akapatia. Sasa nimlaumu kwa lipi? Nilimdai imani kwa kitu nilichokibuni mimi, kisha nikamwita mgumu wa moyo.

Na kuna zaidi. Wazee wale wanajua vizuri maana ya kuzuiwa. Kabla ya daraja la Sibiti, linalotuunganisha na Singida, mto ukijaa mtu alikaa ng'ambo akisikiliza kilio cha kwao, na hakuna aliyemlaumu. Karatasi nazo wanazijua. Nani hapa hajazungushwa ofisini kwa sababu ya muhuri? Nani hajawahi kuwa kibarua wa mtu, akaambiwa ukienda msibani usirudi? Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, wakaondolewa kwa amri mwaka 2006 na 2007, wana ndugu zao hapa hapa. Wanajua maana ya kukaa mahali kwa ruhusa ya mtu mwingine. Kama ningesoma maneno ya kaka yalivyokuwa, yale niliyoyaona machafu, huenda nusu ya wazee chini ya mwarobaini wangeyatambua kama sura zao kwenye kioo. Mimi ndiye niliyewanyima. Niliwapa theluji, kitu wasichokijua, nikawaficha woga wa kufukuzwa, kitu wanachokijua kuliko mimi.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nilijidanganya kwamba ni huruma. Nadhani ilikuwa ni aibu, na pia (naomba nisiulizwe na wahariri) ilikuwa ni uzuri. Theluji ilikuwa nzuri kusimulia. Makaratasi hayapendezi. Kila kijana anayeandika anajua kishawishi hicho: unashika maisha ya mtu, unatupa yale yanayonuka, unabakiza mandhari.

Kiswahili kina ukoo mmoja wa maneno ambao sikuwahi kuutazama vizuri: amini, imani, mwaminifu, amana. Amana ni mali uliyowekewa na mwenzio. Huruhusiwi kuitumia wala kuibadilisha, hata kama unadhani utairudisha ikiwa bora zaidi. Ujumbe wa kaka ulikuwa amana. Nimesumbuka miezi kuuliza kama wazee wana wajibu wa kuamini, wakati swali lililokuwa mlangoni kwangu lilikuwa la amana. Sisemi swali la kwanza limekufa. Bado naamini anayesikia habari ya taabu asiyoijua anadaiwa walau kunyamaza kidogo kabla ya kucheka. Ila hadaiwi na mtu aliyechezea mzigo njiani.

Nilimweleza kaka. Ilinichukua mwaka mzima na siku kadhaa. Nilimtumia sauti ndefu, nikaeleza kila kitu, hata jina la Umande, ambalo kumbe alikuwa amekwisha kulisikia kwa watu wengine na hakujua lilikotoka. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu ikaja sauti yake, nyuma yake nasikia kitu kinakwaruza sakafu ya mawe. Akasema: "Theluji haikunizuia bwana. Theluji ndiyo kazi yangu. Siku ile mnazika nilikuwa naiondoa." Kisha akanyamaza, lile koleo likaendelea kukwaruza. Akamalizia kwa kuniambia niende kwa baba mdogo nikaseme maneno yake kama alivyoyaandika, na kwamba akishafanya hivyo hana neno na mimi. Alikosea akasema "akishafanya", alikuwa amechoka. Nilielewa.

Nilikwenda jioni. Mzee alikuwa amekaa nje na kiti chake cha kamba. Nilimsalimia, nikakaa chini, nikamsomea ujumbe wote kutoka kwenye simu, kibali, mwajiri, msimu, mpaka mstari wa kuwaambia wazee hivyo hivyo. Nikasema yale ya barabara kufungwa yalikuwa yangu. Sikuona uso wake vizuri kwa sababu ya giza. Alikaa. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa kibarua." Nikasema ndiyo baba. "Na mwenye kazi akamkatalia." Ndiyo baba. Akatema mate pembeni, akasema wenye kazi ni walewale. Sikusamehewa na sikufukuzwa.

Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Ile nyeupe ya kwenye simu, ni ya kweli?" Nikamwambia ile ni ya kweli. "Ikiyeyuka inakuwa maji?" Inakuwa maji, baba. "Mengi?" Ulikuwa mwaka mbaya, wanawake walikuwa wanachimba mchanga wa mto kwa bakuli, wakisubiri maji yajichuje. Sikujua jibu, nikamtumia kaka swali hapo hapo, na bahati alikuwa macho. Akasema mwambie baba yanateremka mto unaoitwa Durance, chini wamelijengea bwawa kubwa mno, Serre-Ponçon, tangu miaka ya 1950 na 1960, na huko chini wanamwagilia miti ya matunda kiangazi kizima.

Mzee akaomba sauti ile irudiwe. Niliirudia mara tatu. Mara ya tatu nadhani hakuwa anasikiliza habari za bwawa, alikuwa anasikiliza sauti. Kisha akasimama, akachukua fimbo yake, akaiegemeza ukutani karibu na dirisha, akaniambia nimwonyeshe ilikuwa inafika wapi. Nikapandisha kidole kwenye fimbo mpaka juu ya goti. Akasema video ilionyesha zaidi. Nikapandisha mpaka kiunoni, nikamwambia siku nyingine, baba, hufika hapa. Akaweka alama kwa ukucha.